Macho ya Mgonjwa wa Nne

Barua ya mhariri ilifika Kitui mwaka wa 1976, katikati ya kiangazi kile kilichowafanya watu wa Nuu wauze ng'ombe kwa bei ya mbuzi. Daktari Nzioka aliisoma akiwa amesimama kwenye korido ya hospitali, akaisoma tena akiwa ameketi, kisha akaifungia kwenye droo asije mtu akamshangilia mapema. Jarida la utafiti wa tiba la ng'ambo, ambalo walimu wake wa chuo walilitaja kwa sauti ya chini kama watu walio kanisani, lilikuwa tayari kuichapisha makala yake. Ila kulikuwa na masharti, na masharti ya wenye majarida ni kama ya wakwe: ukitimiza moja wanakumbuka jingine.

Makala ipigwe taipu upya, nakala tatu, mistari iachanishwe. Kila jedwali likae kwenye karatasi yake. Marejeo yapangwe wanavyotaka wao. Na ile picha ya Mgonjwa wa Nne, inayoonyesha vinundu usoni, isafishwe upya kwenye karatasi ya kung'aa, na macho ya mgonjwa yazibwe kwa ukanda mweusi ili asitambulike.

Asitambulike na nani, huko ng'ambo, kijana wa Nuu ambaye hakuwahi kufika hata Machakos? Lakini huo ndio utaratibu, na Nzioka alikuwa mtu wa utaratibu.

Tusimwonee. Hakuwa daktari mbaya. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka, na haraka ya mtu mwema nayo huumiza. Kwa miaka kadhaa alikuwa akitibu kala-azar, ugonjwa unaoletwa na usubi wanaokaa ndani ya vichuguu. Jioni wanaume huenda kuketi juu ya vichuguu hivyo wakipiga gumzo, usubi wanatoka kuwauma, na baada ya miezi bandama inavimba hadi tumbo linakuwa ngoma na miguu inakuwa vijiti. Kitabu cha mwongozo kilisema bandama ikinywea, sindano zisimamishwe. Nzioka alifuata kitabu, na wagonjwa wakaenda nyumbani wakiimba, kisha wakarudi hawaimbi. Makala yake ilisema kwamba kitabu kilikosea, kwamba sindano zinasimamishwa mapema mno. Ikichapishwa, wakubwa wa Nairobi wangeamini na kuleta dawa ya kutosha. Bila hiyo, wangemjibu kama walivyomjibu siku zote: fuata kitabu.

Mgonjwa wa Nne aliitwa Musyoka. Alikuwa mmoja wa wale waliokwenda nyumbani wakiimba. Aliporudi, uso wake ulikuwa umejaa vinundu vya ukubwa wa mbaazi, na bandama imevimba tena kuliko mwanzo. Nzioka alimtoa nje kwenye jua, akamsimamisha mbele ya ukuta wa wodi, akampiga picha kwa kamera yake mwenyewe. Alimwambia asicheke. Musyoka, ambaye hakuwa amepigwa picha hata siku moja na hata kipande cha kitambulisho hajachukua, alijitahidi sana asicheke. Baada ya muda si mrefu dawa ya hospitali ikaisha, naye akafa.

Nzioka alipeleka filamu kwa Abubakar, mpiga picha mwenye studio karibu na soko la Kitui. Alitaka picha tatu, na alitaka ukanda mweusi unyooke sawasawa kwenye zote tatu. Abubakar alimweleza kwamba ziko njia mbili. Angeweza kupaka wino juu ya kila picha, kazi ya mkono ambayo hainyooki vizuri. Au angekwangua filamu yenyewe kwa wembe pale kwenye macho, na kila picha itakayotoka hapo ingetoka na ukanda safi kama uliopigwa na mashine.

"Lakini nikishakwangua, hayarudi," Abubakar alisema. "Una picha yake nyingine?"

Nzioka alisema jarida linataka picha safi. Abubakar alishika wembe, akainama karibu na taa yake, akafanya kazi iliyomchukua muda mfupi kuliko kunyoa ndevu. Vumbi jeusi kidogo likabaki mezani. Akalipuliza.

Mambo yalianza siku iliyofuata, mchana kweupe, ile saa ya jua kali ambayo wagonjwa wamelala na wauguzi wameenda kula. Mwanamkasi, karani wa kupiga taipu, alikuwa akiandika jedwali la pili. Watu wake walitoka Lamu zamani wakaja Kitui kwa biashara, naye Kiswahili chake hakikukubali kubadilika kwa sababu ya hewa ya bara. Alisimamisha mashine akamtazama daktari.

"Yule kipofu wako yuataka nini?" akauliza. "Tangu asubuhi yuapita na ukuta."

Nzioka alimwambia hakuna kipofu wodini. Mwanamkasi akasema basi yuko mmoja asiyeandikishwa, maana yeye amemwona kupitia dirishani, kijana mwembamba mwenye shuka ya hospitali, anapapasa ukuta kwa kiganja na uso ameuinua kama mtu anayesikiliza. Alifikiri anatafuta choo. Alipotoka kumwelekeza, hakumkuta.

Daktari alitoka nje akiwa na hakika ya kumkuta mzee fulani aliyepotea njia. Korido ilikuwa tupu. Lakini ukuta ule ulikuwa umepakwa chokaa juzi tu, na kwenye chokaa kulikuwa na mstari uliofutika, usawa wa bega la mtu, unaotoka upande wa wodi. Aliufuata. Mstari ulifika kwenye mlango wa ofisi yake, ukaukosa, ukaendelea ng'ambo ya pili hadi mwisho wa korido ambako hapakuwa na mlango wowote. Pale mwisho chokaa ilikuwa imefutika sana, kama mtu aliyesimama akitafuta na kutafuta.

Alisema ni watoto wa wagonjwa. Aliagiza ukuta upakwe tena. Ulipopakwa, mstari ulirudi, na safari hii alisikia mwenyewe, sauti ya kiganja kikavu kikiteleza juu ya chokaa, kikisimama, kikiteleza tena. Mtu aliyesoma hakosi maelezo. Alijieleza kwamba ni upepo, kwamba ni mjusi, kwamba ni uchovu, na kila maelezo yalidumu mpaka saa sita ya mchana uliofuata. Aliogopa. Aliogopa kama mtoto, na lililomtia aibu zaidi ni kwamba alijua anamwogopa nani.

Akaharakisha makala. Alifikiri, kama wanavyofikiri wengi, kwamba kitu ukikituma mbali nacho kitaondoka. Mwanamkasi alipomaliza nakala ya tatu, Nzioka alikwenda posta mwenyewe, akasimama kwenye foleni nyuma ya wazee wa pensheni, akaiona bahasha ikigongwa muhuri na kutupwa kwenye gunia. Picha mbili zilikuwa ndani yake. Moja ilibaki, kwa sababu aliposoma tena masharti aliona jarida lilitaka picha mbili tu, baada ya usumbufu wote ule. Alirudi hospitalini na moyo mwepesi. Mchana, kiganja kikapita ukutani kama kawaida.

Wiki hiyo hiyo wakaja wanawake wawili kumtafuta.

Mmoja alimfahamu mara moja. Alikuwa Mbula, mama yake Musyoka, mjane, mtu wa kwaya ya wanawake kanisani kwao Nuu. Mwingine alikuwa msichana mrefu mwenye mabega mapana aitwaye Kavata, aliyekuwa akiuza matunda na mayai ya kuchemsha kwa madereva wa malori pale kwenye kituo cha Salama. Nzioka alimwamkia Mbula kwa heshima, akamwita mwaitu, mama yangu, kama inavyompasa Mkamba, akawavutia viti. Aliogopa kwamba wamekuja kumlaumu kwa kifo. Afadhali wangekuja kwa hilo.

Mbula alichukua muda kufika kwenye neno lake. Alieleza kuhusu mvua isiyokuja, akaeleza kuhusu mbuzi. Kisha akasema, sauti ikiwa chini, kwamba Musyoka alikufa hajaoa, na daktari ni mtoto wa Ukambani, hahitaji kuelezwa maana yake. Kijana akifa hajaoa, jina lake linakatika. Hana mtu wa kumtaja, hana mtoto wa kumkumbuka, anabaki nje ya boma. Wazazi wenye uwezo humtafutia mke hata akiwa kaburini. Msichana huolewa kwa jina lake, ndugu au binamu wa aliyekufa huingia nyumba ile kwa niaba yake, na watoto huitwa watoto wa marehemu. Mchungaji akisikia atamtoa Mbula kwenye meza ya Bwana. Lakini mchungaji ana wana wanne wazima, alisema, na alisema bila hasira.

Kavata alikuwa amekubali, nusu. Watu wake walikuwa wamepokea mbuzi wa kwanza. Ila alikuwa na sharti moja, na hilo ndilo lililowaleta: alitaka kuona uso wa mume wake. Hangeolewa na jina tupu. Na Mbula alikumbuka kwamba mwanawe alimsimulia, kwa furaha kubwa, jinsi daktari alivyomtoa juani akampiga picha.

"Ni hiyo tu iko," Mbula alisema. "Dunia nzima hakuna ingine."

Nzioka alisema, akivuta muda, kwamba picha zimetumwa ng'ambo kwa kazi ya dawa. Mbula akaitikia kwa kichwa, mtu aliyezoea kuambiwa mambo yake yako mbali. Kisha akaongeza lile ambalo hakuna aliyemuuliza.

"Nilikuwa naogopa kumletea bibi, nikasema pengine ni kazi ya shetani. Lakini ananijia ndotoni, daktari. Zamani alikuwa anakuja vizuri tu. Anasimama kwa mlango, ananiangalia, anaenda. Sasa tangu huu mwezi uingie, haangalii. Anapapasa. Anashika ukuta wa jikoni, anashika ua, anapita mlango wake mwenyewe anaenda mpaka kwa jirani. Namwita, anageuza sikio. Mtoto wangu hakuwa kipofu."

Mashine ya Mwanamkasi ilikuwa imenyamaza kitambo. Nzioka alijua mwezi ulipoingia alikuwa wapi. Alikuwa kwa Abubakar, amesimama nyuma yake, akimwambia wembe uende moja kwa moja.

Angeweza kukaa kimya. Wengi wangekaa kimya, na wangelala. Alifungua droo akatoa ile picha moja iliyobaki, akamwekea Mbula mapajani kwa mikono miwili.

Mbula alitabasamu alipoona mabega. Aligusa shingo, akagusa kidevu chenye vinundu, akasema, "Ni yeye." Kisha akafika kwenye ukanda mweusi. Akasogeza picha kwenye mwanga wa dirisha. Alilowesha kidole gumba kwa mate akaanza kusugua, polepole, kama mama anavyomfuta mtoto ukoko wa uji kabla ya kwenda kanisani. Akasugua. Akatazama kidole, kikiwa kisafi, akasugua tena.

"Haitoki, mwaitu," Nzioka akasema.

"Ni uchafu tu."

"Si uchafu. Nilimwambia mpiga picha ayatoe macho. Wale wa ng'ambo walitaka hivyo. Ameyatoa kwenye filamu yenyewe, na hayawezi kurudi."

Mbula alikiacha kidole pale pale juu ya ukanda, akawa ameketi tu, na Nzioka aliona kwamba ameelewa yote, ya picha na ya ndoto, na kwamba ameelewa haraka kuliko alivyoelewa yeye. Machozi yalimtiririka daktari wala hakuyafuta.

Ni Kavata aliyesema. Aliichukua picha mapajani mwa Mbula, akaitazama kama anavyotazama kreti ya mayai kabla ya kuinunua, akamgeukia Nzioka.

"Mama ameniambia macho yake yalikuwa mazuri," alisema. "Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Wewe si ndugu yake. Ulikuwa unamwona kila siku. Yalikuwa namna gani?"

Nzioka akafungua mdomo. Kila asubuhi, alipopita wodini, alikuwa ameweka kidole gumba chini ya jicho la Musyoka akalivuta kope la chini kuangalia damu. Aliukumbuka weupe wa ndani ya kope lile. Angeweza kumwambia ulivyozidi wiki hadi wiki. Uliandikwa kwenye jedwali la pili. Alitafuta macho yenyewe, yaliyokuwa hapo juu ya kidole chake kila siku, yakimtazama, na hakuyapata.

"Ndani yalikuwa meupe," alisema. "Hakuwa na damu."

"Nauliza ya nje."

Mwanamkasi, ambaye haikumhusu, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Sijui," Nzioka akasema. "Nilimpima. Sikumtazama."

Basi Mbula akaanza kulia, kwa sauti ndogo isiyokatika, kwa sababu aliona ndoa imevunjika pale ofisini. Msichana alikuja kutafuta uso, naye ameonyeshwa kitambaa cheusi. Angerudi Salama kwa madereva wake, na nani angemlaumu? Musyoka angepapasa kuta za watu mpaka mwisho wa dunia.

Kavata alisimama. Aliifunga picha ndani ya leso yake, akaipachika kiunoni, akamshika Mbula mkono.

"Twende nyumbani, mama," alisema.

Mbula alimtazama bila kuelewa.

"Kama angekuwa anaona, angejitafutia njia," Kavata akasema. "Kipofu haachwi barabarani. Lazima kuwe na mtu wa kumshika mkono."

Walitoka. Nzioka aliwasindikiza mpaka mlangoni, akaona jambo ambalo hakumsimulia mtu ila Mwanamkasi, naye Mwanamkasi akasema hata yeye aliliona. Kavata alimshika Mbula kwa mkono wa kulia. Mkono wake wa kushoto aliuacha nyuma kidogo, umefunguka, na alitembea polepole kuliko mwendo wa mama mzee ulivyohitaji. Tangu siku hiyo chokaa ya korido haikufutika tena.

Nzioka aliandika barua kwa mhariri akiomba picha iondolewe. Jibu lilichelewa, na lilikuwa la adabu sana: makala iko mitamboni, na isitoshe mgonjwa hawezi kutambulika. Jarida lilifika na mvua za mwisho wa mwaka. Wenzake walimpa mkono. Wakubwa wa Nairobi walisoma, na kwa kweli dawa ikaongezwa, na watu wa Nuu wakachomwa sindano mpaka mwisho, wakaenda nyumbani wakakaa. Hilo lazima lisemwe, kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa yeye mwenyewe alijiambia mara nyingi.

Halafu zikaanza kuja kadi ndogo kutoka nchi ambazo majina yake Mwanamkasi aliyatamka kwa shida, madaktari wakiomba watumiwe nakala ya makala. Alizituma, maana na wao wana wagonjwa. Lakini kila bahasha ilipofungwa aliwaza chumba cha mbali chenye rafu za vitabu, na saa ya mchana ambapo wasomaji wameenda kula, na kiganja kikavu ukutani. Hakuwa na njia ya kujua. Hakuna aliyewahi kumwandikia kuhusu hilo, naye hakuthubutu kuuliza.

Kavata alirudi baada ya kiangazi kingine kupita, siku ya kliniki ya watoto, na Mbula nyuma yake. Alikuwa na mtoto wa kiume mgongoni, Ndolo, aliyepewa jina la babu yake kama desturi ilivyo. Kwenye kadi ameandikishwa Ndolo wa Musyoka. Mbula alikwenda kuketi kwenye benchi kando ya ukuta. Kavata alimfungua mtoto akamweka mezani, na Nzioka, kwa mazoea ya kazi, akanyoosha kidole gumba kuelekea kope la chini.

"Mtazame kwanza," Kavata akasema.

Akaurudisha mkono. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walianza kunung'unika, na muuguzi akakohoa mlangoni. Nzioka aliinama na kumtazama mtoto, naye mtoto akamtazama.

"Yako namna gani?" Kavata akauliza.

"La kushoto limelala kidogo," Nzioka alisema polepole. "Meusi, lakini pembeni yana rangi ya asali. Anakutazama kama mtu anayengoja umalize kusema ndipo acheke."

Kwenye benchi, Mbula alijifunika mdomo kwa leso.

"Ndiyo hayo," akasema. "Hata siku ya picha, ulimkataza kucheka."

Mtoto alichoka na daktari. Macho yake yalihamia ukutani, yakatembea taratibu kufuata chokaa, kutoka mlangoni hadi kwenye benchi alipoketi bibi yake, yakatulia kwenye nafasi tupu karibu na bega lake. Akacheka. Nzioka hakugeuka. Alisogeza kiti chake kidogo ili njia ya kando ya ukuta iwe wazi, akaendelea kumpima.